Flashi ya video za watoto kutoka Kariakoo: Salumu inamfaa, Rahma haimfai

Flashi yenyewe ni ya GB 32, nyeusi, ndani ya kimfuko cha nailoni pamoja na karatasi ya rangi yenye picha ya mtoto mchanga kavaa joho na kofia ya mahafali. Chini ya picha wameandika kwa herufi kubwa VIDEO ZA KUKUZA AKILI YA MTOTO, KUANZIA MIEZI 3. Mkwe wangu aliinunua sh. 20,000 Kariakoo, maeneo ya Aggrey na Likoma, kwenye kibanda cha vifaa vya simu ambacho pia kinajaza nyimbo, tamthilia na katuni. Flashi tupu ya ukubwa huo, pale pale, unaipata kwa sh. 14,000 ukijua kuomba punguzo. Kinachobaki ni bei ya video na ya ile ahadi ya kwenye karatasi, na ahadi ndiyo nataka kuipima hapa, hasa hayo maneno "kuanzia miezi 3".

Mimi ni bibi. Nilifundisha chekechea Temeke mpaka nikastaafu, na sasa nakaa Tandika na binti yangu, mume wake na wajukuu wawili: Salumu, wa miaka 3 na nusu, na Rahma, wa miezi 11. Wazazi wanaondoka alfajiri kuwahi foleni na wanarudi Magharibi imeshaadhiniwa. Mchana kutwa watoto wako kwangu. Flashi ililetwa kwa moyo mweupe kabisa: bibi apumue kidogo, watoto wapate elimu. Simlaumu mzazi yeyote anayeinunua. Mtu anayemwona mwanawe macho kwa saa 2 kwa siku anatafuta kitu cha maana cha kumwachia, na aliyechapa karatasi ile anaujua vizuri huo uchungu.

Ndani kuna mafolda 7: ABC, NAMBA, RANGI, WANYAMA, BEBI, LALA na KISWAHILI. Nimeyapitia yote, mengine usiku peke yangu watoto wakiwa wamelala. Picha ni safi, sauti nzuri, hakuna matangazo ya kukatiza, na sikukuta kitu kichafu. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ukimwachia mtoto simu yenye bando huwezi kujua baada ya dakika 10 kidole chake kimempeleka wapi. Kwa usafi wa vilivyomo, muuzaji nampa haki yake.

ABC ndilo folda lililojaa kuliko yote. Nyimbo za Kiingereza, herufi zenye macho na miguu zinarukaruka, kila sekunde chache picha inabadilika. RANGI ni mikono ya mtu inapasua mayai ya plastiki na kutoa vinyago, yai baada ya yai. WANYAMA ni ng'ombe, kondoo, farasi na bata wa mashamba ya Ulaya, na kwenye video moja duma katajwa kuwa chui. LALA ni nyota na mwezi vinaelea kwa saa 3 mfululizo na muziki wa kinanda, yaani unamwasha mtoto taa usoni ili alale. Sijaona haja ya kulizungumzia zaidi.

BEBI ndilo folda la "kuanzia miezi 3". Mipira inayong'aa, maumbo meusi na meupe, midoli ya mkononi inachungulia na kujificha, muziki laini, maneno machache sana. Ndilo nililokaa nalo muda mrefu zaidi, kwa sababu lilitengenezwa kwa ajili ya mtoto wa umri wa Rahma.

Rahma akiwekwa mbele yake, anatulia. Hapo ndipo watu wazima tunaposhawishika. Mdomo wazi, macho hayapepesi, mikono imelegea mapajani. Jirani yangu, Mama Zuhura, aliingia akamkuta hivyo akasema, "Bibi Salumu, huyu mtoto anasoma!" Nilimwambia tumwangalie vizuri. Darasani nimekaa na watoto wadogo umri wangu wote wa kazi, na mtoto anayejifunza hakai hivyo. Hukugeukia kuona kama na wewe umekiona alichokiona. Hutoa sauti, hunyoosha kidole, hukivuta, hukitia mdomoni. Asubuhi ile ile, kabla ya TV kuwashwa, Rahma alikuwa kwenye mkeka na kifuniko cha sufuria. Akakigonga, akanitazama. Nikasema "kengele!" Akagonga tena, akanitazama, akacheka, akasema "ge". Akakiangusha makusudi nikiokote. Nikaokota. Akaangusha tena. Mbele ya mipira inayong'aa hakutoa hata sauti moja, na hakunitazama.

Wataalamu wameshalipima jambo hili kwa utaratibu mzuri kuliko wangu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, kule Seattle, Marekani, walichukua watoto wa miezi 9 wanaokulia kwenye nyumba za Kiingereza, wakawasikilizisha Kichina cha Mandarini. Kundi moja lilikaa sakafuni na mtu mzima anayekizungumza, akawasomea vitabu na kucheza nao, vikao 12. Kundi jingine lilipata watu wale wale na vitabu vile vile, ila kwa video. Walipopimwa baadaye, waliokaa na mtu waliweza kuzitofautisha sauti za Kichina. Waliotazama video walikuwa sawa tu na watoto ambao masikio yao hayajawahi kukutana na Kichina.

Niliposoma hivyo nilikumbuka mbuzi. Mama Zuhura anafuga mbuzi uani kwake, na video ya WANYAMA ina mbuzi pia, mweupe, analia vizuri kabisa, anarudiwa mara nyingi. Rahma alimtazama yule wa kwenye TV siku kadhaa na hakuna kilichotokea. Wa Mama Zuhura tulimwendea mimi na yeye, nimembeba kiunoni. Nikasema "mbuzi", mbuzi akalia, Rahma akashtuka akanishika shingo, nikacheka, nikasema tena "mbuzi, meee". Sasa mlio ukisikika nyuma ya ukuta anaacha alichoshika, ananyoosha kidole upande ule na kusema "mee". Yule mnyama ana harufu, ana joto, anakuja karibu, na kuna mtu wa kumshika akiogopa na kumpa jina la kitu pale pale anapokishangaa. Mtoto chini ya miaka 2 hupata shida kweli kuchukua kitu kilichoko ndani ya kioo bapa na kukilinganisha na kitu kilichoko uani.

Mkwe wangu hakukubali haraka. Tulizungumza jioni moja akiwa anakula.

"Lakini mama, wimbo ukianza anatikisa kichwa. Si anaelewa?"

"Anaupenda, baba Salumu. Nami napenda taarabu. Ila muulize amepata neno gani."

Akafikiri. "Bado hajapata. Lakini linaingia taratibu."

Hili la "linaingia taratibu" nalisikia kila mahali, na ndilo linalouza flashi hizi. Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walitoa utafiti wa watoto wa miezi 12 hadi 18. Wengine walipewa video ya kufundisha maneno waitazame nyumbani kwa wiki 4, baadhi pamoja na mzazi, baadhi bila. Wengine hawakupewa chochote. Kundi la mwisho halikuwa na video kabisa, wazazi walipewa tu orodha ya maneno yale yale na kuambiwa wawafundishe watoto wao kwa namna yoyote wanayoona inafaa. Waliotazama video hawakujua maneno zaidi ya wale ambao hawakupewa kitu. Waliofanya vizuri kuliko wote ni wale waliofundishwa na wazazi wao. Halafu kikaonekana kitu kingine: mzazi aliyeipenda video ndiye aliyeamini zaidi kwamba mwanawe amejifunza mengi. Nilimsomea mkwe wangu kipande hicho polepole kutoka kwenye simu ya binti yangu. Akanyamaza, akasukuma sahani, akasema, "Basi hebu nionyeshe hiyo ya mbuzi."

Kuna watu watasema: hata kama hafaidiki, anapoteza nini? Anakaa salama, nami napika. Swali la haki, na mimi mwenyewe nina ugali wa kusonga. Jibu langu ni kwamba TV inachukua maneno yetu sisi wakubwa. Dakta Dimitri Christakis na wenzake mwaka 2009 walitoa utafiti wa watoto wadogo waliovalishwa kifaa kidogo cha kurekodi sauti zote zinazowazunguka. Kila saa moja ya TV inayosikika ilikwenda pamoja na upungufu wa maneno kama 770 ya watu wazima yanayomfikia mtoto. Watoto wenyewe nao walitoa sauti chache. Nimeliona hilo sebuleni kwangu bila kifaa chochote. TV ikizimwa, ninapochambua mchele naongea: "hili jiwe, hili pumba, hili tunalitupa, nani kachukua ungo wangu?" Rahma ananijibu kwa lugha yake. TV ikiwashwa, nachambua mchele kimya. Simwambii mtu kitu, maana sote tunatazama kule.

Serikali yetu ilizindua mwaka 2021 programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya watoto wa miaka 0 hadi 8, na ndani yake mna kitu kinaitwa malezi yenye mwitikio. Maana yake ndiyo ule mchezo wa kifuniko cha sufuria. Mtoto anatoa, unampokea, unamrudishia. Video haipokei. Rahma angesema "ge" mbele ya ule mpira unaong'aa, mpira ungeendelea na safari yake.

Ndiyo maana simu ya video siiweki kundi moja na flashi. Shangazi yake Rahma yuko Muscat. Ijumaa akipiga, anamwita "Rahma weee!", Rahma anaruka magotini, shangazi anaruka naye, Rahma anaficha uso kwenye kanga yangu, shangazi anasema "kaenda wapi?" na kusubiri. Kuna mtu pale ndani. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, mwaka 2016 kiliposhauri watoto wa chini ya miezi 18 wasiwekwe mbele ya skrini, kiliacha mlango wazi kwa kitu hicho kimoja tu, kuzungumza kwa video na ndugu. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajafika miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Sasa rudi kwenye karatasi ya flashi uisome tena: kuanzia miezi 3.

Na ahadi ya namna hii haikuanzia Kariakoo. Marekani kulikuwa na video za watoto wachanga zilizoitwa Baby Einstein, zilivuma sana, kampuni ya Disney ikazinunua mwaka 2001. Watetezi wa watoto walipinga kwa miaka namna zilivyotangazwa kuwa za elimu, na mwaka 2009 Disney ilitangaza kwamba mzazi aliyezinunua anaweza kuzirudisha apewe pesa yake. Nimetazama BEBI kwa makini na mwenendo wake ni ule ule, midoli, muziki wa kinanda, vitu vinavyozunguka. Miaka mingi baada ya wazazi wa kule kurudishiwa fedha, sisi wa huku tunauziwa aina ile ile ya kitu kwenye kimfuko cha nailoni.

Kwa Salumu mambo ni tofauti, na hapa naisifu flashi kwa dhati, ingawa si yote.

Folda la ABC kwake lina sumaku. Kwa muda mfupi alikuwa anahesabu kwa Kiingereza mpaka 20 bila kukosea, na wageni walimpigia makofi. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, niletee maandazi 3." Akaleta mkono umejaa, 5 na kipande. Alikuwa na wimbo, hesabu hana. Najua kwa nini wazazi wanalitaka folda hili. Shule za mchepuo wa Kiingereza zinamhoji mtoto wa miaka 4 kabla ya kumpokea, na mzazi anaogopa mwanawe asijekukaa bubu mbele ya mwalimu. Ila mimi niliyewapokea watoto hao mlangoni miaka yote ile naweza kusema nilichokiona. Mtoto aliyekuja na Kiswahili kingi, anayeweza kukusimulia jana bibi yake kapika nini na kwa nini kaka yake kalia, huyo Kiingereza alikishika upesi, kwa sababu alikuwa na mambo ya kusema. Aliyekuja na wimbo wa herufi tupu, ukimkatisha katikati ya wimbo alikuwa anaanza upya kutoka A.

Folda la KISWAHILI ndilo dogo kuliko yote, na ndilo lililonifanya nisiitupe flashi. Humo mna vipindi vya Akili and Me, katuni inayotengenezwa na shirika liitwalo Ubongo, la hapa hapa Dar es Salaam, kwa ajili ya watoto wa miaka 3 hadi 6. Akili ni msichana wa miaka 4 anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala huingia kwenye nchi ya ndoto yenye marafiki wanyama. Kipindi kinakwenda kwa mwendo ambao Salumu anaweza kuufuata, jambo moja linakaa mpaka linaeleweka, na watu wake wanafanana na watu anaowajua. Kimepimwa pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Dina Borzekowski ulifanyika Morogoro kwa watoto zaidi ya 500, wastani wao chini kidogo ya miaka 5. Waliotazama Akili and Me kwa wiki kadhaa walisonga mbele katika kuchora, kuyajua maumbo, kuzitambua namba na kuhesabu, kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Angalia umri wao. Hakuna aliyekuwa wa miezi 11.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyoitumia na Salumu. Baada ya uji wa saa 4, Rahma akiwa usingizini, tunakaa mkekani wote wawili, rimoti iko kwangu. Kipindi kimoja. Nakisimamisha katikati: "Wamebaki wangapi pale? Hebu nionyeshe kwa vidole. Unadhani sasa atafanya nini?" Mwanzoni alikasirika nikisimamisha. Sasa akiona nanyanyua rimoti anaanza kujibu kabla sijauliza. Kikiisha, nazima TV na tunakwenda kufanya kile tulichokiona, kwa vitu vya kweli. Kipindi cha kuhesabu, tunahesabu nyanya za kupika mchuzi. Kipindi cha maumbo, tunatafuta duara nyumbani: kifuniko, sahani, ndoo ukiitazama kwa juu. Ndoo aliigundua mwenyewe. Siku hizi nikiomba maandazi 3 yanakuja 3, anayaweka moja moja kwenye sahani yangu huku anasema namba, na mimi nikila moja ananiambia yamebaki 2.

Shida ya matumizi: flashi ikiwa kwenye TV yetu, video moja ikiisha inaingia nyingine yenyewe bila kuuliza. Mtu mzima asipokuwepo, kipindi kimoja kinageuka saa 2, kutoka nyanya hadi mayai ya plastiki, na kuzima kunaleta kilio cha mtaa mzima kusikia. Hata Salumu, ambaye kwa kawaida ni mtoto mtulivu, akitoka kwenye yale mayai anakuwa mkali na hatulii kwenye mchezo wowote. Niliyafuta yale mayai yote kwa msaada wa binti yangu.

Dada wa kazi nao wapewe maelekezo, nyumba iliyo naye. Mara nyingi TV inawashwa asubuhi kuwaliwaza watoto ili usafi ufanyike, na inazimwa usiku. Na mzazi anayekagua kituo cha kulelea watoto mchana aulize watoto wasiotembea wanakaa wapi na TV iko ukuta gani. Nimeingia kwenye kituo kimoja nikakuta wachanga wamepangwa kwenye viti vyao wanatazama ukutani, chumba kizima kimya saa 5 asubuhi. Chumba cha watoto wachanga 8 hakitakiwi kuwa kimya saa 5 asubuhi.

Nilikwenda Kariakoo mwenyewe, na flashi mkononi, kumwona muuzaji. Kijana mstaarabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii karatasi inasema miezi 3. Nani kasema?"

Akaigeuza. "Mama, kusema ukweli karatasi tunaletewa zimeshachapwa. Sisi tunajaza tu. Wateja wakiona hiyo picha ya joho wanachukua."

"Una mtoto?"

"Ninaye, wa miezi 7."

"Unamwekea?"

Akasema mke wake ndiye anayemwekea, akienda genge. Nikamsimulia habari ya mbuzi wa Mama Zuhura na ya wale watoto wa Kichina, tumesimama pale watu wanapita katikati yetu na mizigo. Alisikiliza kuliko nilivyotarajia. Kisha akaichomeka flashi kwenye kompyuta yake, akafuta BEBI na LALA nikiwa natazama, na mahali pake akaniwekea vipindi vingine vya Kiswahili nilivyomchagulia kwa majina. Alitaka sh. 2,000, akachukua 1,000. Kwa huduma hiyo namsifu, na nimempelekea wateja wawili kutoka mtaani kwetu.

Kwa mwenye mtoto wa miaka 3 na kuendelea, na mtu mzima wa kukaa naye, flashi inafaa ikiwa umechagua kilichomo. Ukiwa na bando, vipindi vya Akili vinapatikana bure YouTube, ila flashi ina faida moja: haimpeleki mtoto kwingine. Kwa mwenye mtoto wa chini ya miaka 2, hiyo sh. 20,000 aipeleke duka la vitabu la TPH, Samora, anunue kitabu cha picha cha Kiswahili chenye kurasa ngumu kidogo, na chenji anunue mpira. Rahma kitabu chake amekitafuna pembe zote, na ukurasa wa kuku anaufungua mwenyewe.

Ukienda kibandani, nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, na orodha yako umeiandika. Jumamosi muuzaji ana wateja mpaka barabarani, hana nafasi ya kukuchagulia video moja moja, atakumiminia folda zima.